Jongo: je, vidonge vya maumivu vinaweza kuuleta ugonjwa huu?

Hapa kwetu Salamabila, kazi ni ya nguvu. Mchimbaji wa zahabu kandokando ya Namoya anapitisha siku nzima akipiga mwamba na kubeba magunia. Mama anatoka shambani na mzigo mgongoni. Dereva wa pikipiki anafika kutoka Kasongo kiuno kikimuuma. Jioni unawakuta wote kwenye duka la dawa, wananunua vidonge viwili vitatu bila karatasi ya daktari. Ndipo wengine wanauliza: je, hivi vidonge vinaweza kuleta jongo, ule ugonjwa ambao wauguzi wanauita goutte?

Jibu ni kwamba inategemea ni kidonge gani.

Jongo ni nini?

Mwili wetu unatengeneza asidi ya uriki kila siku. Figo zinaichuja na kuitoa kwa njia ya mkojo. Ikizidi katika damu, inaweza kuganda kama vipande vidogo vidogo vyenye ncha na kukaa ndani ya kiungo. Mara nyingi maumivu yanaanza ghafla, usiku, kwenye kidole gumba cha mguu. Kiungo kinavimba, kinakuwa cha moto, hata shuka ikikigusa mgonjwa analia. Yanaweza kuisha yenyewe baada ya wiki moja au mbili, halafu siku nyingine yanarudi. Wanaume wanapatwa zaidi, hasa wakiwa watu wazima. Wanawake wengi wanapatwa baada ya kukoma hedhi.

Kidonge kwa kidonge

Aspirini: ndiyo, inaweza. Kipimo kidogo, hata cha miligramu 75 hadi 100 kwa siku, kinazifanya figo zibakize asidi ya uriki mwilini. Vidonge vichache vya miligramu 500 kwa siku navyo vinaweza kufanya hivyo. Lakini angalisho: wazee wanaopewa aspirini kila siku kwa ajili ya moyo wasiiache wenyewe. Kuiacha kunaweza kuwa hatari kuliko jongo lenyewe. Waongee kwanza na daktari.

Paracetamol: haileti jongo. Ila mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, ndiyo vidonge 8 vya miligramu 500, kwani inaweza kuharibu ini. Anayekunywa pombe sana anapaswa kuchukua chini ya hapo. Tena angalia karatasi ya dawa, kwa sababu vidonge vingi vya kuchanganya vina paracetamol ndani.

Ibuprofeni na diklofenaki: hizi hazileti jongo moja kwa moja, tena ni kati ya dawa ambazo madaktari wanatumia kutuliza maumivu yake. Shida inakuja polepole. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Mtu aliyetoka jasho siku nzima ndani ya shimo bila kunywa maji, kisha akameza vidonge hivi kila jioni kwa miezi, anaweza kuumiza figo zake. Na figo zikichoka, asidi ya uriki inabaki mwilini. Zaidi ya hayo, dawa hizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutoka damu.

Si vidonge vya maumivu peke yake

Dawa za kuongeza mkojo, ambazo wenye presha wanapewa, zinaweza kupandisha asidi ya uriki. Pirazinamidi, moja ya dawa za kifua kikuu, pia inaipandisha. Mgonjwa wa kifua kikuu akiumwa viungo asiache dawa, bali amwambie muuguzi wake. Bia, lotoko, nyama nyingi, maini na figo za mnyama pia vinaongeza hatari.

Ufanye nini?

Kunywa maji ya kutosha, hasa siku ya kazi ya jasho. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, wala moja yao pamoja na aspirini, bila daktari kukuambia. Kama kila siku huwezi kufanya kazi bila kidonge, hiyo si hali ya duka la dawa tena, fika kituo cha afya. Enda na vidonge vyote unavyotumia ili muuguzi avione. Damu inaweza kupimwa, na ikionekana ni jongo kweli, kuna dawa kama kolkisini na alopurinoli ambazo daktari anaziandika.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, usingojee kesho. Inaweza kuwa vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, na vinaweza kukiharibu kwa masiku machache. Kidonge cha maumivu kitaficha tu hali hiyo wakati kiungo kinaendelea kuoza. Mtu anayeishi kwa nguvu ya mikono na miguu yake hawezi kucheza na jambo hilo.