Wageni wa Novemba katika Nchi ya Karema

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la Desemba huchelewa kuchomoza na huwahi kutua, iko furaha moja ambayo watu wa huko huihesabu miongoni mwa furaha kubwa za nyumbani: asubuhi ile ambapo theluji ya kwanza ya mwaka imekwisha kuanguka usiku, na bustani imekuwa nyeupe toka kizingiti cha mlango hata njiani, mwenye nyumba husimama dirishani akawatazama ndege wadogo waliobaki, shomoro na kidege cha kifua chekundu na wenzao, wakishuka kuokota makombo ya mkate na mbegu alizowatandazia. Desturi hii ina tarehe yake. Watu wa Norwei na Uswidi tangu zamani hutundika mganda wa nafaka nje ya nyumba wakati wa Krismasi ili ndege nao wapate fungu lao la sikukuu. Na Uingereza, katika baridi kali iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1890 ikaendelea hata 1891, magazeti yaliwasihi wasomaji wawalishe ndege waliokuwa wakifa kwa njaa, na hisani iliyokuwa ya watu wachache ikaenea mpaka ikawa ada ya wengi.

Lakini atazamaye dirishani huwakumbuka pia wasiokuwapo. Mbayuwayu aliyejenga kiota cha udongo chini ya paa la zizi, na korongo mweupe aliyelea makinda juu ya dohani miezi yote ya joto, huwa wamekwisha kutoweka muda mrefu kabla ya baridi, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili wenye ilmu wa Ulaya hawakuweza kueleza kwa yakini walikokwenda. Aristotle wa Uyunani alishika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni. Olaus Magnus, askofu mkuu Mswidi, aliandika mwaka 1555 kuwa wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka vilindini, wameshikamana kwa mafungu. Na Charles Morton, Mwingereza wa karne ya 17, alidai kuwa ndege huruka mpaka mwezini wakapumzika huko hata baridi ipite. Hawakuwa wajinga watu hawa. Walikosa shahidi tu, kwa maana aliyeweza kuwaambia habari ya kweli alikuwa akiishi upande wa pili wa jangwa la Sahara, na kati yake na wao hapakuwa na mazungumzo juu ya jambo hili.

Shahidi wa kwanza alifika mwaka 1822 bila kutumwa na mtu. Karibu na kijiji cha Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki mwembamba wa urefu wa sentimita 80 hivi umepenya shingoni mwake, naye alikuwa ameruka nao kutoka Afrika, akavuka jangwa, akarejea kwao. Mti wa mkuki ule ulikuwa wa Afrika ya kati. Ndege huyo alikaushwa akawekwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, naye yuko huko hata leo na mkuki wake. Vitabu vya Ulaya vimelihifadhi jina la kijiji alikopigwa mara ya pili. Mwindaji aliyempiga mara ya kwanza, ambaye mkono wake ndio uliolijibu swali la Aristotle, hakuandikwa jina, wala kabila lake, wala mto aliokuwa amesimama kando yake.

Kutoaminiana kwa pande mbili za dunia kulikwenda mbali zaidi ya ndege. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kueleza kuwa kilele chake kina theluji, bwana mmoja wa London aliyeitwa William Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alibishana naye kwa miaka mingi, mpaka Baron von der Decken na wenzake walipoupanda mlima ule mwaka 1862 wakaishuhudia theluji kwa macho yao. Wachaga walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila kukicha, karne baada ya karne, na hakuna aliyewauliza.

Sasa na tugeukie magharibi. Kapalamsenga ni kijiji cha Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, katika nchi ile inayoteremka kutoka misitu ya miombo ya Mpanda kuelekea Karema na Ikola kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, nchi ya Wabende na Watongwe. Na mtu wa mbali akilisikia jina lake, aghalabu hulisikia kwa ajili ya shaba. Theluji haijulikani huko. Lakini kuna siku yake ingojewayo kwa hamu iyo hiyo, nayo ni siku ya mvua ya kwanza. Toka Mei hata Septemba mbingu hufunga, majani ya nyika huteketea, na moshi wa mioto huufunika upeo wa macho; kisha, kabla hata tone moja halijadondoka, miombo huchipua majani mekundu yenye rangi ya shaba, kana kwamba miti imepata habari ambayo watu hawajapata; na mwishoni mwa Oktoba au katika Novemba mvua hushuka.

Jioni ifuatayo mvua hiyo, asimamaye karibu na kichuguu ataona ufa mdogo ukifunguka katika udongo uliolowa. Askari wa mchwa hutoka kwanza, wakaizunguka midomo ya tundu vichwa vikielekea nje. Halafu kumbikumbi mmoja hujitokeza, akasita, akayatikisa mabawa yake marefu kuliko mwili, akaruka. Na nyuma yake hufoka mamia na maelfu, mpaka hewa juu ya kichuguu ikawa inameremeta. Watoto hukimbia na mabeseni, kwa kuwa kumbikumbi wa kukaanga ni kitoweo cha heshima. Kuku huacha kulala. Shore na vipwe huokota chini, mbayuwayu hupasua hewa kimo cha paa, keremkerem hutoka matawini na kurejea matawini, kila mara na mdudu mdomoni, na juu kabisa mwewe na korongo huzunguka wakingoja zamu. Katika mkusanyiko huo wenyeji na wageni hula pamoja. Mbayuwayu yule mwenye uzito wa gramu 20 hivi yumkini aliangua makinda yake katika zizi la Urusi au Poland miezi michache tu nyuma. Na korongo mweupe, ambaye kwa ukubwa wa mabawa yake hawezi kuvuka bahari pana kwa kuyapigapiga, amekuja kwa njia ndefu ya nchi kavu, akipanda juu ya hewa ya joto, kupitia Istanbul, Shamu, Sinai na bonde la Mto Nile. Furaha ya mvua ya kwanza Kapalamsenga na huzuni ya kiota kitupu chini ya theluji ya Ulaya ni khabari moja iliyokatwa vipande viwili.

Mtu mmoja aliyeviona vipande vyote viwili alilala mgonjwa Karema mwaka 1883. Richard Böhm alizaliwa Berlin mwaka 1854, akasomea ilmu ya wanyama, akafika Unguja mwaka 1880 pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser katika msafara wa Wajerumani uliotumwa kujenga kituo bara. Alikaa Unyamwezi na kando ya Mto Ugalla, akiwinda, akiandika, na kuchora ndege kwa rangi za maji kwa ustadi ambao hata leo huwastaajabisha wenye fani hiyo. Karema wakati huo ilikuwa ngome ya Wabelgiji, iliyoanzishwa na Kapteni Cambier mwaka 1879 kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold. Na Böhm, aliyejiingiza katika vita vya Wabelgiji dhidi ya mtemi wa jirani, alipigwa risasi mguuni akashindwa kutembea kwa muda mrefu. Vita hivyo havikuwa vyake, na sioni fahari yoyote katika kuvishiriki. Alipopata nafuu alivuka ziwa kwenda Katanga, na huko, tarehe 27 Machi 1884, homa ilimwua kabla hajatimiza miaka 30. Barua zake zilikusanywa na rafiki yake Herman Schalow zikachapishwa Leipzig mwaka 1888.

Nchi aliyoiona Böhm kutoka ngomeni haikuwa kama ilivyo leo. Miaka michache kabla yake maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana, mpaka yakauvunja mlango wa Mto Lukuga upande wa magharibi. Tangu hapo ziwa likawa linashuka mwaka hata mwaka, na ngome ya Karema, iliyojengwa karibu na maji, ikaachwa mbali na ufuko, mbele yake pakibaki matope na matete. Kwa afya ya watu ilikuwa balaa. Kwa ndege wa majini, wenyeji na wahamiaji, ilikuwa karamu.

Miongoni mwa ndege wa Afrika wanaobeba jina la Böhm katika ilmu ni hawa watatu: keremkerem mmoja mdogo wa kijani mwenye utosi wa rangi ya kutu, teleka mmoja mwenye mkia mfupi kama uliokatwa, na kidege kimoja cha miombo kikamatacho wadudu. Wote watatu ni wakaazi wa Afrika, wala hawahamii Ulaya. Nampa Böhm haki yake, kwani alitazama kwa makini na kwa mapenzi. Bali ndege hawakuingia mikononi mwake peke yao: wako walioongoza njia, walioujua mti wa kila kiota, waliobeba masanduku ya ngozi zilizokaushwa toka Ugalla hata pwani kwa mwendo wa miezi, na elimu yao, iliyotangulia elimu yake kwa vizazi, imo ndani ya vitabu vile bila ya jina.

Baada ya Wabelgiji walikuja wamisionari waitwao Mapadre Weupe mwaka 1885, na pamoja nao, mwaka 1889, alifika Karema Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi za Mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Aliwatibu watu wa ufuko huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Nalitaja jambo hili kwa sababu Malta ni mojawapo ya vituo ambapo ndege wahamao hupumzika kati ya Ulaya na Afrika. Na kwa hiyo tabibu yule alikuwa ameishi njiani mwao kabla ya kuja kuishi mwisho wa safari yao.

Ithibati kamili ya safari za ndege hao ilipatikana kwa pete. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete za madini zenye namba. Johannes Thienemann alifungua mwaka 1901 kituo cha Rossitten kando ya Bahari ya Baltiki, akawavisha makorongo. Na mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alinaswa Natal, kusini mwa Afrika, Desemba 1912. Yale yaliyokuwa dhana yakawa hesabu.

Katika nchi hizi za magharibi, hata hivyo, korongo alijulikana kwa kazi kabla ya kujulikana kwa namba. Nzige wekundu, walioanza kuivamia nusu ya kusini ya Afrika mwaka 1930 na kuendelea hata 1944, walionekana kuwa na mazalio yao katika mbuga chache tu zinazofurika maji, na miongoni mwake ni Bonde la Rukwa na mbuga za Iku na Katavi, si mbali na Kapalamsenga. Serikali zilipatana mwaka 1949 kuweka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, makao ya shirika la kuwazuia. Walipofika watu wa shirika na dawa zao, korongo mweupe alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa zama zisizohesabika, akitembea taratibu katika majani mabichi ya Januari na kuwameza nzige kabla mabawa yao hayajakomaa. Na ifikapo Februari na Machi makundi yake huanza kupanda kaskazini kwa njia ile ile aliyojia, ili Aprili imkute juu ya dohani yake, theluji ikiwa imekwisha kuyeyuka.