Biashara ya urembo ilivyozaliwa nyumbani

Kila mwaka, katika kumbi za Kitale na Bungoma, wasichana hupanda jukwaani wakiwa na gauni lililoshonwa na fundi wa barazani na viatu virefu vilivyochaguliwa kwenye rundo la mitumba. Mshindi huvishwa taji na ukanda, hupigwa picha na wakubwa wa kaunti, kisha Jumatatu inafika. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mashindano ya Miss Tourism yameshuka hadi mashinani, na vyuo navyo vina ya kwao. Walimbwende hawakosekani huku kwetu. Anayekosekana ni mtu wa kupokea simu Jumatatu hiyo: wa kujadili bei ya kazi, wa kuandika nani anadaiwa nini, na wa kuulizwa na wazazi binti yao yuko wapi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni za wanamitindo, na wengi walioianzisha walikuwa watu wa nyumba moja.

Anayetajwa kuwa wa kwanza ni John Robert Powers, mwigizaji wa New York aliyefungua ofisi yake mwaka 1923. Wapiga picha na wenye bidhaa walihitaji sura za kuuzia sabuni na kofia, naye aliwajua waigizaji waliokaa bila kazi. Akawakutanisha, akakata kamisheni yake.

Hata hivyo, aliyeifanya biashara hii iwe ya kuaminika ni mwanamke aliyekuwa mjamzito. Mwaka 1946 Eileen Ford, akitarajia mtoto wake wa kwanza, alianza kupokea simu kwa niaba ya marafiki zake waliokuwa wanamitindo. Mumewe Jerry, aliyekuwa amelitumikia jeshi la wanamaji, aliingia naye kwenye shughuli hiyo, na wakauza gari lao ili wapate ofisi. Mke alikuwa na jicho la kumtambua msichana atakayefaa. Mume alikuwa na kichwa cha hesabu, na hesabu ndiyo iliyobadilisha mambo.

Kabla yao, msichana alisimama siku nzima chini ya taa, picha zikachapishwa na bidhaa ikauzwa, naye akasubiri malipo kwa wiki na miezi. Jerry Ford akaanzisha utaratibu wa stakabadhi: msichana akishamaliza kazi anatiliwa sahihi, anaipeleka karatasi ofisini na kulipwa na kampuni papo hapo. Kumfuata mteja hadi alipe ukawa mzigo wa kampuni. Anayefahamu jinsi mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia anavyosubiri pesa baada ya kupeleka magunia yake ghalani ataelewa mara moja kwa nini wanamitindo walikimbilia kwa Ford.

Jambo la pili lilikuwa makao. Wasichana waliotoka mbali walilala nyumbani kwa akina Ford mjini Manhattan, wakala meza moja na watoto wa nyumba hiyo na kupangiwa saa ya kurudi usiku. Eileen alikuwa mkali, tena mkali kupita kiasi. Alimpima msichana kwa macho kabla hajaketi, na wengi walirudishwa kwa sababu ya kilo chache au umbo la pua. Sitaki kumpamba. Lakini mzazi aliyebaki kijijini alijua mwanawe yuko kwa nani.

Kwa msichana mweusi, milango hiyo ilikuwa mizito. Mwaka 1967 Naomi Sims, Mmarekani mweusi aliyekulia Pittsburgh, alikataliwa na kampuni kadhaa, nyingine zikimwambia bila haya kwamba ngozi yake ni nyeusi mno. Akaziruka kampuni, akaenda moja kwa moja kwa mpiga picha, na Agosti mwaka huohuo akatokea kwenye jalada la toleo la mitindo la gazeti la New York Times. Hata baada ya hapo simu hazikuja. Ndipo alipomwendea Wilhelmina Cooper, mwanamitindo mzaliwa wa Uholanzi ambaye mwaka huo alikuwa ameanzisha kampuni pamoja na mumewe Bruce, mtu wa televisheni.

Ombi la Sims lilikuwa la akili sana. Alisema atayatumia mashirika ya matangazo nakala za jalada lile, kila moja ikiwa na nambari ya simu ya Wilhelmina. Akipigiwa simu, Wilhelmina achukue kamisheni. Asipopigiwa, hakuna aliyepoteza kitu. Haukupita mwaka Sims akawa anaingiza dola 1,000 kwa wiki. Mwaka 1968 alikuwa kwenye jalada la jarida la Ladies' Home Journal, na mwaka 1969 kwenye lile la Life. Alichohitaji tangu mwanzo kilikuwa nambari ya simu ya mtu anayeaminiwa sokoni. Sura alikuwa nayo siku zote.

Ni kampuni hiyo ya mke na mume iliyompokea msichana kutoka Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alimwona barabarani Iman Abdulmajid, mzaliwa wa Mogadishu, binti wa balozi, aliyekuwa akisomea siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuzungumza lugha tano. Iman alikubali kupigwa picha kwa sharti moja, kwamba Beard amlipie karo. Alipotua New York, Beard alikuwa amekwisha kuwaambia waandishi kwamba amemwokota nyikani akichunga mifugo. Uongo huo ulivuma, na aliyeukanusha ni Iman mwenyewe. Unaniudhi hadi leo, kwa sababu ulimpokonya msichana elimu yake, wazazi wake na mji wake ili picha zinunulike. Msichana asiye na mtu wa kumsemea husemewa na yeyote.

Hadithi hii ilitukaribia zaidi mwaka 2003. Ajuma Nasenyana, mzaliwa wa Lodwar mwaka 1984, alikuwa mwanariadha kabla ya kushinda taji la Miss Tourism la Nairobi. Lyndsey McIntyre, aliyewahi kuwa mwanamitindo na mwanzilishi wa kampuni ya Surazuri ya Nairobi, akamwona na kumwingiza katika shindano la Supermodel of the World, lililoandaliwa na kampuni ileile ya akina Ford. Baadaye Mturkana huyo alitembea katika maonyesho ya Victoria's Secret na ya Vivienne Westwood. Miaka iliyofuata akajitokeza kuyapinga hadharani makampuni yanayowauzia Waafrika krimu za kujichubua.

Barabara ya A1 inayoshuka kutoka Lodwar hupita Marich, ikakaribia Kapenguria, ikaingia Kitale na kuendelea hadi Webuye katika Kaunti ya Bungoma. Mjini Kitale, mtaa wa Kipsongo una familia nyingi za Waturkana waliokuja kutafuta riziki. Warefu wenye ngozi nyeusi inayong'aa, wa aina ambayo Paris ilikuja kuilipia, hupita stendi ya Kitale kila siku wakiwa na mizigo kichwani, na mara nyingi wanachosikia hapo ni dhihaka kuhusu weusi wao. Kati yao na Ajuma kuna daraja moja tu, mtu wa kupokea simu, naye alikuwa Nairobi.

London nako ndugu walifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1981 Carole White na kaka yake Chris Owen walianzisha Premier. Mwaka 1987 Sarah Doukas akaanzisha Storm, na kaka yake Simon Chambers akawa mwenzake kazini. Premier ndiyo iliyomsajili Malaika Firth, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Uingereza akiwa mtoto. Mwaka 2013 alitokea katika matangazo ya Prada, mwanamitindo mweusi wa kwanza kufanya hivyo tangu Naomi Campbell mwaka 1994. Miaka 19 ilikuwa imepita.

Undugu peke yake haukutosha kuizuia biashara isibadilike. Binti wa akina Ford, Katie, alishika uongozi mwaka 1995, na mwaka 2007 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji. Meza ya wageni pale Manhattan ilikuwa imebaki historia. Katie mwenyewe alianzisha shirika la kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, akieleza kwamba mbinu za walaghai wanaowanasa wasichana hufanana na za watu wanaosaka wanamitindo: kuahidi kazi ng'ambo na kutoa tiketi, kwa kijana ambaye hajawahi kuondoka kwao. Maneno hayo yanatoka kwa mtoto aliyekulia ndani ya biashara yenyewe, na kwa hiyo nayachukulia kwa uzito.

Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2010, na mawakala wa ajira za nje wanatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mzazi wa Kiminini au Chwele anayeletewa karatasi ya kutia sahihi aanze kwa kuuliza usajili huo. Kisha aulize kamisheni ni asilimia ngapi, na kama nauli, picha na pango la chumba vitakatwa kwenye malipo ya binti, kwa maana kampuni nyingi hulipa kwanza na kukata baadaye, na kuna wanaomaliza msimu mzima wakiwa na deni. Aulize malipo hutoka siku ngapi baada ya kazi, na mkataba unaisha lini. Na aombe jina na nambari ya mtu atakayepokea simu saa nane usiku, aipige akiwa bado nyumbani kabla ya kushika kalamu.