Mpira Unaolia: Historia Fupi ya Vifaa vya Soka la Wasioona



Makala hii ilianza na kushindwa kwetu. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tulivuka Daraja la Nelson Mandela kutoka Braamfontein, tukashuka Newtown hadi uwanja wa Mary Fitzgerald. Tulikuwa wanachama watano, na pamoja nasi mjomba wa mmoja wetu, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja Johannesburg zamani kutafuta maisha. Presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona. Kabla ya hapo alikuwa hodari wa chandimu. Siku hizi mpira kwake ni kitu cha kusikiliza redioni tu.

Mwenzetu anayesomea uhandisi alikuwa ametengeneza kifaa kidogo cha betri kinachotoa mlio, akakibandika kwenye mpira kwa gundi na utepe. Mjomba akapiga shuti la kwanza, mlio ukakatika. Tukakaa chini kutafuta waya uliochomoka. Baada ya dakika kumi mjomba akauliza, "Wanangu, hakuna mwenye mfuko wa nailoni?" Tulikuwa nao, tuliobebea mikate. Akauzungushia mpira, akafunga fundo, akauviringisha chini. Ukachakacha vizuri kabisa.

Tulidhani ni ujanja wa Kigoma. Tulipoanza kusoma historia ya soka la wasioona tuligundua kwamba mfuko ule umo ndani ya historia yenyewe, na kwamba sisi tulikuwa tumeanzia mwisho.

Mkebe, jiwe na mfuko

Mtu akisikia maneno "teknolojia saidizi" huwaza maabara, na wataalamu wanaowahurumia wasioona. Lakini mwanzo wa mpira unaolia haukuwa hivyo. Mwaka 1922, mjini Melbourne, Australia, wafanyakazi wa kiwandani wasioona walitia mawe ndani ya mkebe wa bati, wakaanza kucheza kriketi kwa kusikiliza. Hakuna aliyewaletea kifaa. Walitaka kucheza, wakaokota kilichokuwepo. Mchezo huo ulisambaa, na mwaka 1998 Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wasioona lilichezwa New Delhi. Bingwa alikuwa Afrika Kusini, nchi hii tunayoishi. Wengi wetu tuliozaliwa hapa hatukuwa tumelisikia jambo hilo.

Vita Vikuu vya Pili vilileta sura nyingine. Askari wengi walirudi bila macho. Mwaka 1946 Hans Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani walibuni goliboli kwa ajili ya watu hao: mpira mzito wenye kengele ndani, unaoviringishwa sakafuni kuelekea goli la wapinzani. Mwaka huohuo Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, ambayo ndiyo ya kwanza nchini humo.

Soka lenyewe lilikua katika shule na taasisi za wasioona, hasa Hispania na Brazil. Huko Brazil vijana walipiga mikebe, au walivalisha mpira wa kawaida mfuko wa plastiki ili usikike ukiviringika. Ni kazi ileile ya mjomba! Mtoto wa Kigoma alifunga nailoni ili apate mpira. Kijana asiyeona wa Brazil aliifunga ili ausikie. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini hapa Johannesburg bado tunaiuziwa dukani.

Baadaye vilikuja viwanda. Mpira wa leo wa soka la wasioona una njuga zilizoshonewa ndani, ili zilie bila kuharibu mwendo wa mpira. Baada ya kifaa kutulia, sheria nazo zilitulia. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Brazil mwaka 1998, na mchezo ukaingia Paralimpiki mjini Athens mwaka 2004. Brazil ilichukua dhahabu tano mfululizo, mpaka Ufaransa ilipoikata minyororo hiyo Paris mwaka 2024. Afrika nayo ipo: Morocco ilipata shaba katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021.

Tatizo la njuga

Mpira wa njuga una kasoro moja. Ukisimama, unanyamaza. Ukiruka bila kuzunguka, pia unanyamaza. Ndiyo maana wahandisi wamejaribu umeme kwa muda mrefu. Mwaka 1964 Charley Fairbanks, mhandisi wa simu nchini Marekani, alitia kifaa cha mlio ndani ya mpira mkubwa, na kutokana nao ukazaliwa mchezo wa besiboli ya mlio. Kwa hiyo mwenzetu wa uhandisi hakukosea wazo. Alichelewa miaka sitini tu.

Lakini besiboli si soka. Katika soka mpira hupigwa mateke bila kupumzika, na betri na waya huchoka haraka. Tena mlio usiokoma unaweza kufunika sauti nyingine, na mchezaji asiyeona hasikilizi mpira peke yake. Hili ndilo jambo ambalo hatukulielewa siku ile.

Tazama jinsi uwanja ulivyopangwa. Una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na pembeni kuna mbao zinazozuia mpira kutoka. Mchezaji huzigusa, na husikia mpira ukizigonga. Wachezaji wanne wa ndani hufungwa vitambaa machoni, ili anayeona mwanga kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Golikipa anaona, naye huwaelekeza walinzi. Kocha husema kutoka pembeni kwa walio katikati. Nyuma ya goli la wapinzani husimama kiongozi anayewaita washambuliaji. Wakati wa penalti hugonga milingoti yote miwili ili mpigaji ajue upana wa goli. Anayeufuata mpira lazima aseme "voy", neno la Kihispania lenye maana ya "naenda", ili wasigongane. Watazamaji hunyamaza mpaka goli lifungwe.

Kwa hiyo kifaa kikubwa kuliko vyote ni sauti ya mwenzako, pamoja na kimya cha wengine. Njuga ni sehemu tu. Hata ubao wa kugusa, ambao kocha hupangia wachezaji kwa vidole vyao, hauna kazi bila maelezo yake.

Kulia na kushoto

Kimya ni haba Newtown. Jengo la soko la matunda na mboga la mwaka 1913 sasa ni makumbusho, lakini barabara ya M1 hupita juu ya mtaa na magari hayaishi. Hata hivyo kelele hazikutuumiza kama Kiswahili chetu.

Jumamosi ya pili mmoja wetu alisimama kuwa kiongozi. Mjomba akakimbia na mpira, naye akapiga kelele "Kulia! Kulia!" akimaanisha kushoto. Mjomba akagonga benchi la zege, akachanika ugoko. Nyumbani tukichanganya maneno hayo watu hucheka, na darasani tunakatwa alama moja. Pale damu ilitoka. Tulimwomba msamaha, tukataka kumrudisha nyumbani. Alikataa. Alisema, "Neno ukilikosea, mimi ndiye ninayeumia. Haya, semeni tena, mmoja mmoja." Tukasimama mstari, watoto wa chuo kikuu, tukirudia kulia, kushoto, mbele, nyuma, simama, geuka, piga. Badala ya "voy" alichagua "naja", kwa sababu ni fupi na kila mmoja wetu alilijua tangu utotoni.

Tunaliomba jambo moja kwa chama. Fedha za shughuli za muhula huu zinunue mpira mmoja wa njuga, na vitambaa vya macho kwa wote watakaokuja. Kifaa cha betri tutaendelea kukitengeneza, ila safari hii mjomba ndiye atakayesema kilie vipi, na kinyamaze lini.

Tunakutana Jumamosi saa moja asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Anayekuja ajue kwanza kulia kwake ni wapi.