Selimundu Kagera: Urithi wa wazazi wawili, si kosa la mama

UGONJWA wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hurithiwa kwa baba na mama. Lawama anazotupiwa mama peke yake hazina msingi.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, urithi huo hauelezeki bila kutaja malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kuwa mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye malaria.

Anayeumia ni mtoto aliyerithi viwili. Wazazi wote wakiwa wabebaji, ambao kwa kawaida hawaumwi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mgonjwa, hata kama mtoto aliyetangulia ni mzima. Wabebaji hutambuliwa kwa kupimwa damu.