Kusadikika ni Nchi Gani?

Jumamosi moja tukiwa kwenye chumba chetu cha kusomea, huku Nsambya, papa mmoja wa Uvira aliuliza swali ambalo sijawahi kulikuta kwa mhakiki yeyote. Tulikuwa tumefika pale Karama anaposimama mbele ya mfalme kujitetea. Papa akainua mkono.

"Huyu Karama, mkalimani wake alikuwa nani?"

"Hakuwa na mkalimani, papa. Alijitetea kwa lugha yake mwenyewe."

"Aa. Basi ndiyo maana walimsikia."

Watu walicheka sana, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Karibu kila mtu mle ndani ameshakaa kwenye kile kiti cha mahojiano. Unaulizwa ulitoka kijijini tarehe ngapi, saa ngapi, nani aliona. Miezi inapita unaulizwa tena, na ole wako kama tarehe ya leo haifanani na ile ya kwanza.

Nyinyi ndugu wa Nakivale, Kyaka na Kyangwali mnalijua hilo. Na nyinyi mnaofanya kazi upande wa pili wa meza mnalijua pia. Mimi nataka kuzungumza juu ya vitabu tulivyosoma mwaka huu, vitabu vya mambo ambayo hayapo: nchi za angani, vyombo vya kuruka kwenda dunia nyingine, laana. Lakini kila tukifungua kimoja tunarudi kwenye neno lile lile, kusadiki.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Mwandishi wake, Shaaban Robert, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, kwa hiyo ofisi na mafaili alivijua vizuri. Nchi yake ya Kusadikika inaning'inia angani. Karama anashtakiwa na Waziri Mkuu Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Hebu fikiri, kosa ni kutaka watu wajue sheria! Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alikwenda, akateseka, akarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yake, na akatupwa gerezani.

Wahakiki wengi wanasema hapo mwandishi alikuwa anausema utawala wa Waingereza, akaupandisha angani ili asikamatwe. Mimi nakubali. Ila nina ugomvi na kitabu. Kwanza majina: mtu mbaya anaitwa Majivuno, unamjua kabla hajafungua mdomo. Mimi watu walionitesa walikuwa na majina mazuri sana, mengine ya kwenye Biblia. Pili, mwisho wake. Karama anasikilizwa, anaachiwa, na wajumbe wanatoka gerezani. Siku sita tu! Dada mmoja kwetu anasubiri jibu la rufaa mwaka wa tatu huu. Alisema kitabu ni kizuri, lakini hapo penye mfalme kubadilika ndipo penye uongo mkubwa kuliko nchi kuning'inia hewani.

Kupata kitabu chenyewe hapa Kampala ni kazi. Nakala yetu ilitoka Nairobi kwa basi, na kopi tukapiga Nasser Road, barabara ileile ambayo mji mzima unaijua kwa karatasi zisizosadikika. Kiswahili Uganda kina historia yake ngumu. Wazee wengi wa hapa bado wanakisikia kama lugha ya askari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukiongezea marafiki. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini nenda maduka ya vitabu mjini uombe riwaya ya Kiswahili, uone utakavyotazamwa.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua mpaka juzi juzi. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, hapa hapa Kampala, kwenye mkutano ambao mpaka leo unatajwa kuwa mwanzo wa mambo makubwa. Chinua Achebe alikuja, Wole Soyinka alikuja. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi pale pale, akaingia. Ila mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba Shaaban Robert, pamoja na vitabu vyake vyote, hakuwa na sifa ya kualikwa. Mwezi huohuo, Juni 1962, Shaaban Robert alifariki Tanganyika. Mtu aliyemwandika Karama na siku zake sita za kusikilizwa, lugha yake yeye haikuwa na kiti ndani ya chumba. Papa wa Uvira nilipomweleza hili alitikisa kichwa tu, akasema, "Nilikwambia, mambo ya mkalimani."

Kitabu cha pili, Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995, nitakipitia haraka kwa sababu vijana wanakipenda kuliko mimi. Mkangi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Kenya, na miaka ya 1980 serikali ilimweka kizuizini bila kesi. Dzombo wake amehukumiwa kufa. Hanyongwi. Anaingizwa kwenye chombo na kurushwa angani, na chombo kinamfikisha nchi ya Walenisi ambako watu wanaishi kwa usawa. Litamke jina polepole: wale ni sisi. Kijana wa Bunia alisema hicho chombo anakifahamu, ni lori lililomleta mpakani, tofauti ni kwamba yeye hakufika Walenisi. Kwangu mimi nchi ile ni safi kupita kiasi, haina foleni wala majirani wanaogombana. Lakini naheshimu mtu aliyefungiwa chumbani akatoka na sayari nzima kichwani.

Kilichotukalisha zaidi ni Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi, mwaka 2014. Ni Kiingereza, kwa hiyo yaya mmoja anayejua kusoma haraka anatutafsiria kwa sauti, kama VJ wa kibanda cha video, na vituko vyake vya pembeni anaongeza. Watu wa Kampala wanakisoma kama historia ya Buganda. Sisi tulikisoma tukimtazama mtu mmoja tu, Ntwire.

Ntwire ni Mnyarwanda, mgeni Buganda mwaka 1750. Mtoto wake Kalema amelelewa kwa mkuu wa jimbo, Kintu Kidda. Kijana amekua, Kintu anamchukua safari ya kwenda ikulu akatafutiwe kazi. Njiani Kalema anakunywa kwenye kibuyu cha Kintu, anapigwa kofi moja, anaanguka na kufa. Wanamzika harakaharaka, vibaya. Kintu anarudi nyumbani na hamwambii baba mtu. Ntwire anapojua, analaani ukoo mzima, na laana inatembea mpaka mwaka 2004, Bwaise, ambako mjukuu wa mbali wa Kintu anapigiwa kelele za mwizi na umati unamuua. Bwaise! Si mbali na hapa. Umati ule haukuomba tarehe wala shahidi, ulisikia neno moja ukasadiki papo hapo.

Tuligawanyika. Mzee mmoja alisema Ntwire alizidi, mgeni halaani nyumba iliyompokea; tukiandika hivi wenyeji watatuonaje? Nikasema mimi naona kosa la Kintu halikuwa kofi. Kofi lilikuwa ajali. Kosa ni kurudi, kumtazama Ntwire kila siku, na kunyamaza kwa sababu Ntwire ni mgeni na hana wa kumuuliza. Mzee hakukubali na mpaka leo hajakubali.

Mama mmoja wa Fizi, ambaye huwa anasuka vikapu huku anasikiliza, hakusema neno siku ile. Tulipokuwa tunafunga mlango akanivuta pembeni, akaniuliza kama Ntwire alikuja kuonyeshwa kaburi la mtoto.

Nikamwambia bado hatujafika huko, kurasa zimebaki nyingi. Akasema basi Jumamosi atakuja mapema.