"Stelingi Hafi": Hukumu za Watazamaji wa Filamu za Mapigano katika Vibanda vya Video, Soy na Kwingineko

Katika taaluma ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, jina la mhakiki limezoeleka kupewa mtu mwenye kalamu. Anayetoka ndani ya kibanda cha video akisema kwamba picha aliyoitazama imetiwa chumvi mno, au kwamba adui ameonewa, hahesabiwi kuwa amehakiki chochote. Makala haya yanachunguza historia ya hukumu za namna hiyo kuhusu filamu za mapigano na za mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Yatajikita zaidi katika kanuni moja inayojulikana na kila kijana aliyewahi kukalia benchi la kibanda: stelingi hafi. Hoja inayojengwa ni kwamba kauli hiyo ya maneno mawili ni nadharia kamili ya utanzu, na kwamba uzito wake hauonekani sawasawa mpaka iwekwe kando ya masimulizi ya mashujaa waliokufa, yaani Fumo Liyongo wa Pate na Luanda Magere wa Kano.

Soy ni kituo cha biashara kwenye barabara itokayo Eldoret kuelekea Kitale, katika kaunti ya Uasin Gishu. Enzi za ukoloni nyanda hizi zilikuwa za mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa ama kununuliwa kwa ushirika, wakaishi humo Wakalenjin, Waluhya, Wagikuyu na wengineo, kila nyumba na lugha yake, huku shughuli za soko la mahindi zikiendeshwa kwa Kiswahili. Majumba ya sinema yalikuwa ya mijini. Katika vituo vya mashambani vya aina ya Soy, Ziwa na Moi's Bridge, filamu ndefu za kigeni ziliwafikia watu wengi kupitia kibanda cha video, hasa tangu miaka ya 1980 na 1990: chumba cha mabati au mbao, mabenchi, televisheni moja iliyoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone, deki, na kitambaa kizito dirishani. Palipokosa umeme palitumika jenereta, na ngurumo yake ikashindana na ile ya bunduki. Kiingilio kilikuwa sarafu moja au mbili, shilingi kumi au ishirini. Majina ya picha za siku yaliandikwa kwa chaki ubaoni, mara nyingi si kwa anwani yake ya Kiingereza bali kwa jina la mwigizaji: Rambo, Komando, Bruce Lee.

Lakini kabla ya kibanda palikuwa na gari. Mwaka 1935 lilianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Jaribio la Filamu za Elimu kwa Wabantu, lililosimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi lilipokoma mwaka 1937 lilikuwa limetengeneza filamu zaidi ya 30 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichofanya kazi kati ya 1939 na 1955 chini ya William Sellers, kilieneza magari ya sinema yenye mfasiri aliyesimama na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji walichokuwa wakikiona. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayokatwakatwa haraka. Alitaka mwendo wa polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, na hila zozote za kamera ziachwe. Wakati huohuo wakaguzi wa filamu waliruhusu picha fulani kwa Wazungu na kuzikataza kwa Waafrika, kwa hofu ya kile ambacho watazamaji wangejifunza kutokana na bunduki na wizi.

Rai hiyo ya Sellers inafaa kukumbukwa na yeyote anayechunguza kibanda. Filamu za mapigano za Hollywood na Hong Kong ndizo zilizokata picha kwa kasi kuliko nyingine zote, na ndizo zilizopendwa zaidi na watu ambao wengi wao hawakuelewa Kiingereza cha wahusika, sembuse Kichina. Waliufuata mkato kwa sababu walijua kinachotafutwa: nani anamfukuza nani, deni gani halijalipwa, na silaha iko wapi. Hii ni elimu ya utanzu, na ilipatikana bila darasa.

Mfasiri wa gari la serikali naye hakutoweka, alibadili bwana. Uganda alizaliwa upya kama "viijei", anayesimulia filamu kwa Kiluganda katika kumbi zinazoitwa bibanda, neno lililotoka katika Kiswahili. Jingo ndiye mmojawapo wa waliovuma zaidi. Dar es Salaam alipatikana Lufufu, ambaye sanaa yake ilichunguzwa na mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings katika makala ya 2010 yenye kichwa kinachotaja wali kugeuzwa pilau. Kenya jina lililoenea mno ni la DJ Afro. Sauti yake, ya Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, iliwekwa juu ya filamu za Marekani, China na India kwa wingi kiasi kwamba "muvi ya DJ" likawa jina la aina nzima. Msimulizi huyu huwapa wahusika majina ya kienyeji, huwacheka maadui, hueleza nia ambazo filamu yenyewe haikuzieleza, na hutabiri. Kwa istilahi za fasihi simulizi yeye ni mtambaji, na filamu ni ala anayoipiga.

Hapa linazuka suala ambalo wanasheria hawakulitazama. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, ilitaka filamu ikaguliwe na mwonyeshaji awe na leseni, na vibanda vingi viliishi kwa wasiwasi wa kufungwa. Kinachokaguliwa ni filamu kabla haijasimuliwa. Matini iliyosikika kibandani ilikuwa nyingine, kwa kuwa baba wa kambo anayeonekana mpole katika picha aliweza kugeuzwa mnafiki kwa sentensi moja ya msimulizi, na hadhira ikamzomea tangu hapo mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenye kanuni. "Stelingi" ni neno lililochumwa kwenye maandishi ya Kiingereza yanayolitangulia jina la mwigizaji mkuu mwanzoni mwa filamu. Wakenya wengi hulitamka "steringi". Asili yake yenyewe inafundisha. Mtazamaji hakuchagua neno la maadili, kama vile shujaa au mwema. Alichagua neno la cheo, lililosomwa kwenye kioo. Stelingi ni yule ambaye filamu imemtangulizia jina. Kwa hiyo kusema kwamba hafi ni kusema jambo kuhusu mpangilio wa kazi ya sanaa, wala si kuhusu wema wa mtu. Katika Commando (1985) Arnold Schwarzenegger anaua jeshi zima na risasi hazimpati. Anayelalamika kibandani kwamba risasi za stelingi haziishi na za maadui hazilengi hajadanganyika kamwe kwamba anaona maisha. Anataja mkataba kati ya kazi na hadhira, na huku akiutaja anaufurahia. Wahakiki wa fani wamehitaji kurasa nyingi kusema hivyohivyo.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi kanuni hiyo isivyojali maisha. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, na Enter the Dragon ikatoka mwezi uliofuata. Kila mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyeiona filamu hiyo alimwona maiti akishinda. Hakuna aliyelalamika.

Yafaa kuuliza, basi, ni kwa nini kanuni hiyo ilihitaji kutamkwa. Jambo ambalo kila mtu analichukulia kuwa la kawaida halitungiwi msemo. Masimulizi ambayo watazamaji hawa walirithi yalifundisha kinyume chake. Liyongo, kama anavyoelezwa katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikipenya kitovuni, na aliyeitumia ni mwanawe mwenyewe. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikimdunda na kuanguka. Siri ilikuwa kivulini mwake, ikapatikana kupitia mke aliyetoka kwa maadui zake. Mwandishi Okoiti Omtatah alikifanya kisa hicho kuwa tamthilia ya Kiingereza mwaka 1991. Katika visa vyote viwili nguvu zipitazo za binadamu zimewekwa ili siri yake ifichuliwe, na anayeifichua ni mtu wa nyumbani. Superman, aliyezaliwa kwenye majarida ya Marekani mwaka 1938, naye alipewa udhaifu wake, jiwe la kutoka sayari yake ya asili. Tofauti ni kwamba jiwe hilo humwangusha kwa dakika kumi, kisha akainuka. Sindano ya Liyongo haikuwa na dakika ya kumi na moja.

Kisa cha Magere kina jambo jingine linaloihusu moja kwa moja nchi ya Uasin Gishu. Maadui wake katika simulizi ni Walang'o, jina ambalo Waluo waliwapa majirani zao, Wanandi wakiwamo. Likisimuliwa Kano, ni tanzia ya shujaa aliyesalitiwa na mke. Likisikilizwa upande wa pili wa Nyando, ni habari ya binti mwerevu aliyeokoa watu wake dhidi ya dubwana lisilopigika. Nani stelingi? Filamu ya Marekani hulijibu swali hilo kabla ya picha ya kwanza. Simulizi la jadi huliacha mikononi mwa jamii inayosimulia. Katika eneo lililoshuhudia mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, swali la nani ameandikwa mwanzoni na nani atakufa bila jina si la kibandani peke yake. Pengine ndiyo maana filamu ambayo adui wake anatoka mbali, na inayosimuliwa kwa lugha isiyo ya nyumba ya yeyote, iliweza kutazamwa kwenye benchi moja. Jambo hilo linasemwa hapa kama dhana. Halijafanyiwa utafiti wa kutosha.

Wahakiki wa Kiswahili walikuwa na nafasi ya kulijua hili mapema, wakaipitisha. Riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), zilimleta Willy Gamba, jasusi mwenye mavazi, bastola na bahati ya James Bond. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Vitabu hivyo viliuzwa na kuazimwa hadi kurasa zikalegea, lakini uhakiki uliotawala wakati ule, uliopima kazi kwa dhamira na ukombozi wa mnyonge, uliviweka kwenye kapu la fasihi pendwa na kufunga mfuniko. Lawama kuu ilikuwa kwamba mhusika mkuu hashindwi. Hiyo ndiyo kauli ileile ya kibandani, ila imegeuzwa kuwa karipio. Wasomaji wa Musiba walijua kabisa kwamba Gamba hatashindwa. Walichosomea ni namna.

Filamu za mashujaa za karne hii zimeleta mtihani mpya. Mwezi Februari 2018 Black Panther ilizinduliwa kwa shangwe mjini Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, na kwa mara ya kwanza uwekezaji wa mamia ya mamilioni ya dola ulimweka Mwafrika pale panapoandikwa jina la stelingi. Mwaka uliofuata, katika Avengers: Endgame, Tony Stark alikufa na kuzikwa. Martin Scorsese alisema mwaka huohuo kwamba filamu za kampuni ya Marvel si sinema, akazifananisha na bustani za michezo. Mjadala wake ulihusu hadhi. Kwa mtu aliyelelewa na kibanda, swali lingekuwa la kiufundi zaidi: baada ya filamu zaidi ya 20, je, kifo cha stelingi kinavunja mkataba, au kinaturudisha kwa Liyongo? Utenzi una jibu la kustaajabisha. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kuwa hawakuamini kwamba amekufa. Mama yake ndiye aliyelazimika kuombwa aende kumbembeleza.

Kumbukumbu za hukumu za kibandani hazikuwekwa. Kanda za video ziliandikwa juu ya nyingine, kisha zikaja diski, kisha kadi za simu, na mtazamaji wa Soy akaanza kuitazama "muvi ya DJ" peke yake, simu ikiwa kiganjani. Sauti za wasimulizi zimehifadhika kwa wingi. Katika rekodi hizo msimulizi huiuliza hadhira kama imeona alichokifanya adui, hunyamaza kidogo, kisha huendelea kana kwamba amejibiwa.