Kanazi: Kibanja, Kahawa na Shule katika Nchi ya Kihanja

Kanazi, iliyo katika vilima vya kusini mwa mji wa Bukoba, ilikuwa makao ya Mukama wa Kihanja, yaani mtawala wa mojawapo ya falme za Buhaya, nchi ya Wahaya, zilizokuwepo kabla ya ukoloni pamoja na Kiziba, Karagwe, Ihangiro na Kyamutwara. Nchi yenyewe ni kongwe kuliko falme hizo, kwa kuwa wanaakiolojia wamefukua huko Kemondo na Katuruka mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zilizotumika zaidi ya miaka elfu moja na nusu iliyopita. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi uchumi, elimu na utamaduni vilivyofungamana mahali hapa hana budi kuanzia kwenye kibanja, na si kwenye tanuri wala kwenye kiti cha enzi.

Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambalo ndani yake hupandwa pia mibuni na maharage, nalo hutofautishwa na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi, ambayo udongo wake ni hafifu. Rutuba ya kibanja haikutoka mbinguni, bali ilijengwa na vizazi vilivyofuatana kwa samadi ya ng'ombe, kwa majani ya migomba yaliyoachwa yaoze, na kwa nyasi zilizokatwa rweyani zikabebwa kichwani hadi shambani, hata ikawa mtu anayevuka kutoka rweya kuingia kibanjani huona udongo ukigeuka kuwa mweusi chini ya miguu yake. Kwa kuwa wafu huzikwa humo humo, kibanja ni chakula na kaburi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu ukoo ulikiona kuwa mali yake hata pale kilipolimwa na mtu mmoja.

Katika kivuli cha migomba hiyo kahawa aina ya robusta iliota muda mrefu kabla ya soko la dunia kuijua Bukoba, lakini haikuwa kinywaji. Matunda yalichumwa yakiwa bado mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa juani hadi yakakauka, kisha yakatafunwa, na mgeni aliyefika nyumbani alitengewa machache katika kikapu kidogo kabla ya mazungumzo kuanza. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akila iliyopakwa damu ya mwenzake. Kitu chenye uzito wa namna hiyo hakikuachwa holela: upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mamlaka ya Mukama, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kupanda bila idhini. Inafaa kukumbuka kwamba tunda lililokwisha kuchemshwa haliwezi kuota, hivyo kahawa iliweza kuzunguka nchini kama zawadi bila mche mmoja kuzunguka nayo.

Mpangilio huo ulivunjwa na Wajerumani, waliojenga kituo Bukoba mwaka 1890 chini ya Emin Pasha. Kahigi, Mukama wa Kihanja, alichagua kushirikiana nao, na kwa ushirikiano huo alipata nguvu iliyowazidi majirani zake pamoja na jumba la Kanazi ambalo Wajerumani walimjengea. Si haki kumhukumu kwa neno moja tu la usaliti, kwa kuwa falme za Buhaya zilikuwa zimeishi kwa kushindana, naye aliona katika bunduki za wageni njia ya kuuokoa na kuupanua ufalme wake. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliweza kuchukua mzigo wa Bukoba hadi kwenye njia ya pwani, na utawala wa Kijerumani, hasa wakati wa Kapteni von Stuemer, uliwatumia Bakama, yaani watawala kama Kahigi, kuwahimiza watu wao wapande mibuni. Kilichokuwa kimezuiwa sasa kikaamriwa, na kodi iliyodaiwa kwa fedha ikamaliza ubishi. Kahigi alifariki mwaka 1916, mwaka ambao utawala wa Kijerumani ulikoma Bukoba.

Fedha ya kahawa haikuwafikia wote kwa kipimo kimoja, kwa sababu sehemu ya vibanja ilikuwa chini ya nyarubanja, mfumo ambao Mukama alimpa mkubwa mmoja haki juu ya ardhi iliyokuwa tayari ikilimwa na wengine, nao wakageuka wapangaji waliotoa sehemu ya mazao au ada juu ya shamba walilolirithi kwa baba zao. Thamani ya kahawa ilipopanda, thamani ya haki hiyo ilipanda pia, na malalamiko yakadumu hadi sheria ya mwaka 1965 ilipoufuta mfumo huo, miaka miwili baada ya utawala wa kichifu kuondolewa.

Elimu nayo ilikuwa na makao kabla ya shule. Vijana wa rika moja walikusanywa katika muteko, yaani kundi la mafunzo lililohusishwa na ikulu, wakajifunza adabu, utii, vita na mambo ya utawala, na ikulu hiyo hiyo ndiyo iliyowalea wapiga enanga, zeze lenye umbo la sinia refu ambalo kwa nyuzi zake zilighaniwa tendi za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Profesa M. M. Mulokozi, aliyeuchunguza ushairi huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tendi hizo ni hazina ya kihistoria na ya kisanaa inayostahili kuwekwa pamoja na tendi za mataifa mengine. Ikulu zilipodhoofika, mghani alipoteza mlezi, na hasara hiyo haikufidiwa na darasa lolote.

Darasa lilikuja na misheni: Mapadre Weupe walianza Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa Betheli wakafika mwaka 1910, wakawakuta Wahaya waliokwisha kuupokea Uprotestanti kupitia Uganda. Katika shule hizo ndimo alimopitia Laurean Rugambwa, mzaliwa wa upande wa Kamachumu, aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Makarani na walimu waliotokana nazo ndio walioanzisha Umoja wa Wahaya mwaka 1924, na wakulima walipokataa kanuni za kahawa mwaka 1937 hadi zikazuka ghasia, kulikuwa tayari na watu wanaojua kuandika malalamiko kwa serikali. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilisimama juu ya mabega hayo hayo.

Hivyo mbuni ukawa mlipaji wa ada ya shule, na hapo ndipo kibanja kilipoanza kupunguza watu wake wenyewe, kwa kuwa kijana aliyesomeshwa kwa kahawa hakusomeshwa ili arudi kukata nyasi. Mabinti walikuwa na kizuizi cha ziada, kwani mila haikuwapa haki kamili juu ya ardhi ya ukoo, na ni mwaka 1990 tu ambapo Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, iliamua kwamba kumnyima haki hiyo ni ubaguzi unaopingana na Katiba.

Kalenda ya shule na ya kahawa hazikupatana kamwe. Shule hufunguliwa Januari, ilhali msimu mkuu wa mavuno huanza karibu na Mei, na katika pengo hilo ndimo ulimoota butura, yaani uuzaji wa kahawa ikiwa bado mtini kwa bei iliyo chini sana ya ile ya msimu. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, ugonjwa na misiba havikufutwa. Mzazi aliyeingia butura huamka asubuhi akaenda kupalilia mibuni, akaitandazia nyasi na kuilinda hadi itakapoiva, huku kila tunda la kijani lililo juu ya kichwa chake likiwa limekwisha kuwa mali ya mtu mwingine.